Lori Zuri, Mtu Mbovu

Hapa Namawala wamekuja watu wazima kukusanya mbu, na hakuna aliyewacheka. Wametoka Ifakara mjini, Dar, Uswisi na Uingereza, wakaning'iniza mitego ya taa kando ya vyandarua vyetu, asubuhi wakawamimina mbu mezani, wakawahesabu, wakawatenga majike kwa madume, walioshiba na wenye njaa, wakaandika daftarini. Walikuwapo hata vijana waliolipwa kukaa usiku kucha suruali zimekunjwa hadi magotini. Mbu akitua tu mguuni, anafyonzwa kwa mrija kabla hajapata cha kwake. Kijiji kizima kilikubali kwamba ile ni kazi. Mimi nina roboti kwenye kabati la vyombo, wa plastiki, wametulia, hawamng'ati mtu, na nimeitwa mtoto mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

Sina ugomvi na watu wa mbu. Profesa Rudolf Geigy alitoka Basel akaja kufungua maabara Ifakara katika miaka ya 1950, na miongoni mwa alivyovikusanya ni papasi, wale wa kuchokolewa kwenye vumbi la sakafu za watu. Leo mahali pale pamekuwa taasisi ya afya inayojulikana duniani. Namawala nayo ikaingia vitabuni mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilipoandikwa kwamba mkazi mmoja wa hapa aling'atwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Karibu kila usiku, Idi na Krismasi zikiwamo. Kwa hiyo kukusanya vitu, kuvipanga na kuvitolea hukumu si jambo geni kijijini kwetu. Tatizo, naona, ni kwamba roboti hana vimelea.

Basi leo natoa hukumu juu ya roboti aliyefika majuzi kwa basi, na asiyependa afunue ukurasa wa michezo.

Kwanza mjue anavyofika. Nampakilia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kiroba cha mchele wa supa kwenye basi la Dar. Yeye anazunguka Kariakoo kwenye maduka ya jumla ya vitu vya kuchezea, anachagua roboti, anamfunga gazeti na kumtuma kwa basi linalorudi huku. Hakuna pesa inayopita mkononi. Ni biashara ya mali kwa mali, na kama ilivyo kwa biashara zote za mali kwa mali, kila upande una hakika umeibiwa.

Shemeji akipokea mchele hasemi asante. Anachota konzi, anaumwaga kwenye sinia, anautandaza kwa kiganja, anatafuta chenga. Anatia punje mdomoni asikie kama imekauka. Ananusa. Halafu ananipigia simu kuniuliza kama humu hamna Saro. Saro 5, kwa msiolima, ndiyo ile inayoitwa TXD 306 kwenye makaratasi. Inazaa kuliko supa, inanukia kiasi, na ikishakobolewa inahitaji jicho lililozoea kuitenga. Ndiyo maana watu wasio waaminifu huichanganya. Swali hilo huwa namjibu kwamba limenivunjia heshima, na mazungumzo yanaishia hapo.

Na mimi roboti akifika namtandaza kwenye sinia.

Kwa wasioujua ukoo wa viumbe hawa, niwape kwa ufupi. Ni mtu wa plastiki ambaye ukimkunja hapa na kumkunjua pale anakuwa gari, na ukirudia kinyumenyume anakuwa mtu tena. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilianza kuwauza kwa jina la Transformers, lakini haikuwabuni. Iliwatoa Japani kwa Takara, kwenye aina mbili za vitu vya kuchezea zilizoitwa Diaclone na Micro Change, ikawapa majina mapya na visa vya vita vya huko sayarini kwao. Wale wa Diaclone hawakuwa na roho: walikuwa mashine, na ndani yake alikaa dereva mdogo kama kidole cha mtoto. Wamarekani wakamtoa dereva, wakasema roboti mwenyewe ndiye hai. Ila mashine za kumiminia plastiki zilikuwa zilezile, kwa hiyo magari kadhaa ya mwanzo yana kiti cha dereva ambaye hakuwahi kuripoti kazini. Nimewahi kwenda kufuata kibali kwenye ofisi ya namna hiyo.

Mkubwa wao ni lori jekundu, Optimus Prime, ambaye Wajapani wanamwita Convoy. Lori lenyewe ni la pua bapa, la umbo la Freightliner. Mwaka 1986 wakamuua kwenye filamu ya katuni, watoto wakalia ndani ya majumba ya sinema, ikabidi arudishwe. Mwaka 2007 Michael Bay akamtengenezea filamu ya watu halisi, akampa lori la pua ndefu aina ya Peterbilt lenye michoro ya moto ubavuni. Mimi ni mtu wa pua bapa na sitaki mjadala. Sauti yake tangu mwanzo ni ya mzee anayeitwa Peter Cullen, nzito, ya kiongozi anayefikiri kabla ya kusema. Sisi lakini tulimjua kwenye kibanda umiza, akisemewa kwa Kiswahili na mtafsiri aliyemwongezea maneno yake mwenyewe juu ya wakwe na madeni ya dukani, na mpaka leo roboti yule akinyanyua mkono nasubiri ataje deni.

Wenye uwezo huko duniani wananunua toleo liitwalo Masterpiece, lililoanza Japani mwaka 2003 na Convoy mwenye chuma cha kutosha mwilini. Mkusanyaji wa Namawala hakusanyi anachokitaka, anakusanya kinachofika. Aliyenifikia ni mwigo wa lile lori la 1984. Boksi halina jina la kiwanda. Jina la roboti limeandikwa kwa kukosewa herufi mbili, na siamini kwamba waliteleza. Ni kosa la kitaalamu, la kumpa mwenye jina shida ya kushtaki. Nyuma ya boksi pana picha ya roboti mwingine kabisa.

Mimi ni fundi wa pawatila. Nafungua giaboksi kila msimu wa kulima, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba sijui kitu kinavyotakiwa kuzunguka. Roboti namkagua kwa sikio kwanza. Viungo vyake viko vya aina mbili kubwa. Kuna chenye meno ndani, ukikizungusha kinalia trrk, trrk, na kinabaki pale ulipokiacha. Kuna cha gololi iliyoingia kwenye kikombe, hicho kinaenda upande wowote ila kinachoka mapema. Mikono ya mgeni wetu imelia vizuri upande wa kushoto. Upande wa kulia umelia mara moja, kisha ukanyamaza, na mkono umekuwa ukishuka wenyewe taratibu kama wa mwanafunzi aliyenyoosha kidole halafu akaona swali ni gumu.

Halafu rangi. Natazama kingo, pale nyekundu inapokutana na ya fedha kwenye grili. Kiwanda chenye adabu kinapaka ndani ya mstari. Hapa nyekundu imetembea. Stika za ubavuni zimebandikwa na mtu mwenye haraka, na ukiona ncha ya stika imeinuka kabla haijaonja masika ya Kilombero, ujue itafika Juni iko sakafuni. Unyevu wa bonde hili hauna huruma na gundi. Skrubu ndogo za mgongoni nazo zinaota kutu hata kama hujazigusa, ndiyo maana kila anayefika kwangu napaka kila skrubu tone la oili kabla hata ya kumpa nafasi kabatini. Mke wangu anasema hiyo oili ni ya cherehani yake. Ni kweli.

Nikamweka kama lori. Lazima niwe mkweli: ni lori zuri. Matairi sita yote yanagusa meza, jambo ambalo malori mengi ya kweli yanayopita barabara yetu wakati wa mvua hayalijui. Linatembea moja kwa moja bila kuvuta kulia. Madirisha ni ya plastiki ya kupitisha mwanga, mabomba mawili ya moshi yamesimama wima, tangi za mafuta zina rangi ya fedha inayong'aa kiasi cha kutosha. Ukiligonga kwa ukucha linatoa mlio wa kitu kilichojaa. Nililiweka dirishani, mwendesha boda aliyekuwa akisubiri spana akauliza hilo ni Fuso gani. Nikafurahi, nikamkaribisha ndani aone likigeuka.

Hapo ndipo heshima ilipoanza kupungua.

Kugeuza roboti ndio mtihani wenyewe. Watu wasiojua wanahukumu lori, kisha wanahukumu mtu, wanasahau njia iliyopo katikati. Roboti aliyebuniwa na mtu mwenye akili kila kipande chake kina kazi mbili: kioo cha mbele kinakuwa kifua, upande wa nyuma wa lori unakuwa miguu, hakuna kinachobaki kinaning'inia. Lile lori la 1984 lilikuwa rahisi sana kwa hilo, na urahisi ule ndio ufundi. Mwigaji yeyote angeweza kuufuata kama ulivyo. Wa kwetu akaamua kuboresha. Ameongeza bawaba mbili kiunoni ili roboti aweze kugeuza kiwiliwili, na kifua na miguu sasa vinakutana kama reli mbili pale Kidatu, ya TAZARA ya milimita 1,067 na ile nyingine ya milimita 1,000: zimefika mahali pamoja, zinatazamana, na hakuna behewa litakalopita. Ukibana kifua, miguu inachomoka. Ukichomeka miguu, kifua kinafunguka. Mwendesha boda alishika juu, mimi nikashika chini, tukahesabu tatu.

Plastiki ikaingia mstari mweupe kwenye nyonga. Wenzangu wanaokusanya wanaujua mstari huo. Ni plastiki iliyovutwa kuliko uwezo wake, na haurudi. Mwendesha boda alisema ni vumbi, akapangusa kwa kidole chenye grisi, sasa kuna mstari mweupe wenye grisi.

Akasimama, hata hivyo. Kwa mbele, mtu wa kuheshimika. Mgeuze pembeni: mikono kuanzia kiwiko kwenda chini ni mitupu ndani, gamba tu, kwa kuwa mtengenezaji amebana plastiki. Mgeuze nyuma: amebeba nusu ya kichwa cha lori mgongoni na uzito wote unamvuta huko, kwa hiyo anasimama kama mzee aliyekula wali wa shughuli, tumbo mbele, visigino vinamtetemeka. Ukifunga mlango kwa nguvu anaanguka chali. Kichwa ni kidogo. Uso umepakwa vizuri, macho ya bluu yako sawasawa, na hilo linaongeza uchungu, maana anakutazama kwa hadhi kubwa akiwa chini.

Na ngumi. Kwenye lori la 1984 ngumi zilikuwa za kuchomoa. Ulipotaka lori ulizitoa pembeni, ulipotaka mtu ulizirudisha. Ndicho kipande watoto wa dunia nzima walichokipoteza kwanza, na mpaka leo lori la zamani lenye ngumi zake mbili lina bei yake. Waliotengeneza matoleo ya baadaye walilitambua tatizo wakazikunjia ndani ya mkono. Mwigaji wetu, aliyekuwa na ujasiri wa kubadilisha kiuno kilichokuwa hakina kasoro, hapo akaona aheshimu historia. Ngumi ni za bluu, ndogo kama punje ya hindi. Nilizichomoa mara moja tu, jioni, pale uani tulipokuwa tunajaza viroba vya mchele, nikaziweka juu ya ukingo wa debe ambako zingeonekana vizuri. Ya kushoto ipo. Ya kulia ilitafutwa na nyumba nzima kwa tochi. Mke wangu alitoa maoni kwamba kuku amemeza, na kuku huyo alifungiwa chini ya tenga mpaka kesho yake, akichunguzwa kwa namna ambayo sitaieleza gazetini. Hakuwa na hatia.

Msifikiri kwamba ugumu wa kazi hii uko kwenye roboti peke yake. Mahali penyewe pananipinga. Saa nzuri ya kukaa na roboti ni jioni, jua limelala, mikono imenawa. Saa hiyohiyo ndiyo mbu wanaanza zamu. Unajipaka dawa ya kufukuza mbu, na dawa nyingi za kujipaka zina DEET, na DEET inayeyusha plastiki za aina nyingi. Waulizeni waliowahi kushika miwani yao wakiwa wamejipaka. Roboti wangu mmoja, wa njano, ana alama ya dole gumba begani imezama kabisa. Hivyo mkusanyaji wa Namawala kila jioni anachagua kati ya malaria na rangi ya roboti. Nimejaribu soksi mikononi. Nimejaribu kuingia na roboti ndani ya chandarua. Ndani ya chandarua mnatoshana, lakini mwenye kitanda wa pili alikuwa na la kusema.

Mchana nako kuna jua. Plastiki nyeupe ikikaa juani inageuka njano, kwa sababu ya mwanga pamoja na zile kemikali za kuzuia moto zilizochanganywa ndani yake. Huko Ulaya mtu anaficha roboti wake kwenye kabati la kioo chenye dawa ya kuzuia miale. Wangu mweupe, ambaye alikuwa gari la wagonjwa, alioshwa pamoja na sufuria na kuanikwa kwenye uchanja. Aliyemuosha alitegemea shukrani. Sasa gari la wagonjwa lina rangi ya maziwa ya mgando upande mmoja, na nikimpanga namgeuza ukutani.

Jirani yangu ni Msukuma, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake. Alikuja kuchukua pawatila lake akamkuta roboti amelala mezani. Hakucheka. Alimwinua, akamtazama kwato, akambonyeza mapaja, akamzungusha, akamwekea kidole kwenye uti wa mgongo. "Huyu mguu wa nyuma umelegea," akasema. "Huwezi kumpandisha kwenye lori, ataanguka njiani. Umempata kwa ngapi?" Nikamwambia debe la supa. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu mzima kwa mtu mzima. Tangu nianze kukusanya, ndiyo tathmini ya kitaalamu pekee niliyoipata kijijini hapa, na ilitoka kwa mtu anayedhani mgonjwa ni ng'ombe wa kizungu. Sikumpunguzia bei ya matengenezo, ila nilimpa chai.

Mtu mwingine aliyewahi kutoa maoni ni mjukuu wangu. Alimtazama roboti akigeuka lori, lori likigeuka mtu, akauliza, "Babu, halafu analima?"

Nimelifikiria sana hilo swali kwa sababu lilinikera. Pawatila, ambalo nalifungua na kulifunga kila siku, ndilo lenye kugeuka kweli. Asubuhi limevaa magurudumu ya chuma linaingia kwenye majaruba kuvuruga tope. Mchana wanalivua chuma, wanalivika matairi ya mpira, wanalifunga tela, linabeba mpunga na abiria wanne juu ya mpunga. Jioni wanatoa mkanda, wanaunganisha pampu, linanywesha bustani ya mtu. Yalimwagwa huku kwa wingi baada ya Kilimo Kwanza ya 2009, watu wakayatukana kwamba hayana nguvu, na bado ndiyo yanayotoa gunia shambani barabara inapokufa. Lakini hakuna mtu aliyewahi kulitengeneza la plastiki lenye kichwa na macho ya bluu. Wamarekani wametengenezewa lori lao la masafa marefu. Volkswagen ya Wajerumani imo tangu mwanzo, ndiye Bumblebee wa zamani. Wajapani wana treni zao. Mwaka 1985 alitoka roboti aliyeitwa Astrotrain, anageuka kichwa cha treni ya mvuke, akigeuka tena anakuwa chombo cha kwenda anga za juu. Treni ya kwenda anga za juu! Na sisi tuna TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, ilijengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975 kupita humu humu bondeni, mahandaki na madaraja kuanzia Mlimba kupanda Makambako, na hao hao Wachina leo ndio wanaotuletea roboti hawa kwa makontena. Ni kazi ya alasiri moja kwao. Mtu ainuke tu kiwandani aseme, jamani, tulishawahi kuwa na kichwa cha treni Tanzania, tukipe mikono. Kikichelewa kufika dukani tutaelewa kwamba wamefuata uhalisia.

Hukumu sasa. Lori: saba kwa kumi, lingekuwa nane kama stika zingebandikwa na mtu aliyekunywa chai. Njia ya kugeuka: mbili, na moja ni ya mwendesha boda. Mtu: tatu, zote za uso. Nimeamua atakaa kabatini akiwa lori, daima, ngumi iliyobaki nimeitia kwenye kopo la dawa ya macho pamoja na skrubu za akiba, na nimemwandikia shemeji ujumbe mrefu nikimweleza kwamba kwa kiuno kile, debe zima la supa halikuwa haki, anirudishie angalau kilo 5 au aongeze roboti mdogo juu.

Alinipigia usiku huohuo. Hakutaja kiuno. Alisema alikuwa na wageni, sinia la wali liko katikati, na shangazi yake, mama mtu mzima mwenye meno ya kuhesabika, amefinyanga tonge, akauma kitu kigumu cha bluu.

"Shemeji," akasema, "chenga nilivumilia. Mawe nilivumilia. Mchele wako una mikono."

Nikamuuliza kama imevunjika.

"Jino au mkono?"

Nikamwambia jino namwombea kwa Mungu, lakini ile ngumi aioshe kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, aifunge kwenye pamba, aikabidhi kwa kondakta mkononi na si kwenye buti. Akasema ataituma nikituma debe lingine, na safari hii liwe supa tupu. Nikamwambia swali hilo limenivunjia heshima. Akasema hajauliza swali. Basi tumeshikilia hapo: yeye ana ngumi ya kulia, mimi nina mchele, na shangazi anauliza nani atalipa daktari wa meno.